Kompyuta Haili Kazi ya Mtu

Kuna sentensi moja ambayo sisi vijana wa kalamu wa huku kwetu, kuanzia Kasulu mjini mpaka Kibondo, tumeigeuza kuwa sala ya mazishi. "Kompyuta imekula kazi yangu." Ikishatamkwa, kila mtu anainamisha kichwa. Pole sana, mwenzetu. Bahati mbaya. Mungu atakujalia nyingine. Kisha tunaagiza chai na maandazi, soga linaendelea.

Ndugu msomaji, mimi leo sitoi pole. Kompyuta haina meno. Mbuzi anaweza kula daftari, hilo nakubali. Mchwa wa huku kwetu wakiamua wanamaliza kabati zima la vitabu kwa masika moja. Lakini kompyuta haijawahi kula shairi la mtu. Kompyuta ikiambiwa hifadhi inahifadhi, ikiambiwa futa inafuta, na wala haijui tofauti kati ya picha ya paka na riwaya uliyoihangaikia miaka mitatu. Anayejua tofauti hiyo ni wewe. Kama hukuionyesha kwa vitendo, usiisingizie mashine.

Kwa nini naleta mjadala huu sasa? Kwa sababu huu ni msimu wa kuhama. Mwezi Mei 2025 Ubuntu 20.04, toleo ambalo bado nalikuta kwenye laptopu nyingi za mitumba, lilimaliza miaka yake mitano ya matunzo ya kawaida. Agosti 2025 ikatoka Debian 13, ambayo haina tena diski ya kusakinishia zile mashine kongwe za biti 32. Oktoba 14, 2025 Microsoft nao wakafunga msaada wa kawaida wa Windows 10, na washikaji wenye mashine zisizokubali Windows 11 wakaanza kuulizana habari za Linux. Basi kila mahali ni kupandisha toleo, kila mahali ni "fundi, niwekee mpya". Na baada ya kuwekewa mpya, tunaisikia ile sala ya mazishi.

Nisieleweke vibaya. Mimi ni mtu wa Linux na sioni haya kusema. Ni mfumo wa bure, hauombi leseni, unafufua mashine ambayo wenye fedha wamekwisha kuitupa. Tena una historia na lugha yetu: Desemba 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia yenye menyu za Kiswahili, kwa sababu programu ile ilikuwa huria na hapakuwa na bwana wa kuombwa ruhusa. Nani angetufanyia hivyo? Lakini uhuru una bei. Hakuna ofisi ya kupiga simu ukaanza kulia. Mwenye nyumba ni wewe, mlinzi ni wewe, mtunza funguo ni wewe. Ukitaka uhuru wa kupanga kila kitu halafu unamwachia mtu mwingine kila kitu, bwana, huo si uhuru. Hiyo ni kuzuga.

Nitoe mfano ninaoujua, majina nayahifadhi. Kikundi kimoja cha vijana wenzetu kilikuwa na mashine moja ya mezani. Ndani yake mlikuwa na hadithi fupi, mashairi, tamthiliya mbili zilizokwisha kuigizwa, na, jambo kubwa kuliko yote, sauti za wazee walizozirekodi kwa simu vijijini: hadithi za Kiha, vitendawili, masimulizi ya zama za Mwami. Mashine ikazeeka, ikawa nzito. Akaletwa fundi. Wao walimuuliza swali moja tu: "Shilingi ngapi?" Yeye hakuwauliza hata moja. Akachomeka flashi yake, akafika pale programu inapotaka kujua kama isakinishe kando ya mfumo uliopo au ifute diski yote, akachagua la pili kwa kuwa ni la haraka. Kazi ikaisha kabla ya chakula cha mchana. Mashine ikatoka inakimbia kama swala. Folda ya nyumbani ilikuwa nyeupe kama sahani iliyorambwa.

Mmoja wa wazee wale amekwisha kufariki. Nani atamrudia sasa na simu mkononi, amwambie, "Mzee, shikamoo, tunaomba uanze upya"?

Hapo ndipo ninapokasirika. Riwaya ya kijana inaweza kuandikwa tena, ingawa kwa machozi. Lakini vitabu vya Kiha ni vichache mno, na mzee mmoja akiondoka anaondoka na rafu nzima. Sauti yake ilikuwa na nafasi moja ya kubaki duniani, nasi tukaiweka kwenye diski moja, ndani ya mashine moja, kwenye chumba kimoja. Tukasema imehifadhiwa. Imehifadhiwa wapi? Kitu chenye nakala moja hakijahifadhiwa. Kinangoja zamu yake tu.

Wapo watakaosema haya ni mambo mageni, tusiwalaumu vijana wa milimani. La hasha! Mama zetu walilimaliza suala hili zamani, kabla Linus Torvalds hajazaliwa. Mkulima wa Kasulu akivuna maharage hachanganyi mbegu na chakula. Mbegu zina chombo chake. Mahindi ya mbegu yananing'inizwa juu ya moshi wa jiko, wadudu wasiyaguse. Na mwenye akili zaidi humpa dada yake wa mlima wa pili sehemu ya mbegu, ili moto au panya wakimtembelea awe na pa kukimbilia. Mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh, ndiye aliyeipa umaarufu kanuni ambayo watu wa kompyuta wanaisifu: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikae mbali na nyumbani. Sasa wewe niambie, kuna tofauti gani na kibuyu cha bibi? Tofauti ni kwamba bibi aliitimiza, sisi tunaisoma kwenye simu, tunasema "bomba", kisha tunalala.

Na huku kwetu tunajua kuhama ni nini. Mwaka 1972 ilianza Operesheni Kigoma, watu wakatolewa kwenye makazi yaliyotawanyika wakapelekwa vijijini. Muulize mzee aliyekuwa na akili zake wakati ule akuambie vilivyobaki nyuma. Kambi ya Nyarugusu ipo wilayani Kasulu tangu 1996; wanaoishi pale wanajua mtu anachukua nini mlango unapogongwa usiku. Hachukui kabati. Anachukua mtoto, vyeti, picha na namba za ndugu. Sisemi haya kwa utani wala silinganishi faili na roho ya mtu. Ninasema hivi: wale hawakupewa notisi, na bado wengi walijua cha kubeba. Sisi tarehe ya mwisho ya Ubuntu 20.04 tumeijua tangu lilipotoka Aprili 2020. Notisi ya miaka mitano! Miaka mitano hatukupata jioni moja ya kupanga mafaili?

Sasa nijibu hoja, maana nazijua zote. Nimezisikia mpaka nimezikariri.

Hoja ya kwanza: "Mimi ni msanii. Mambo ya mafaili ni ya makarani." Hii ndiyo hoja inayonichefua kuliko zote, kwa sababu imevaa koti la ushairi. Kwani Shaaban Robert hakuwa msanii? Na alikuwa karani vilevile, tena karani wa serikali! Barua alizomwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge, za kuanzia 1931 mpaka 1958, tunazisoma leo kwa sababu ndugu yule alizitunza, na mwaka 2002 TUKI ikazitoa kuwa kitabu. Angalia vizuri hapo: kilichookoka ni kile kilichokuwa mikononi mwa mtu wa pili. Shaaban Robert alifariki 1962. Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote vikatoka 1968. Miaka sita miswada iliishi bila mwenyewe. Jiulize: ukifa wewe leo, mswada wako utaishi siku sita? Au utakwenda na laptopu kwa shemeji, ambaye ataifomati aangalie mpira?

Na Ngũgĩ wa Thiong'o je? Alipokuwa kizuizini Kamiti mwaka 1978 aliandika riwaya kwa Kigikuyu kwenye karatasi za chooni. Askari waliuchukua mswada, baadaye ukarudishwa, na mwaka 1980 Caitaani Mũtharabainĩ ikachapwa. Yule alikuwa na udhuru: alikuwa jela, nakala ya pili angeipeleka wapi? Wewe una matundu mawili ya flashi ubavuni mwa mashine, uko huru, hakuna bwana jela. Udhuru wako ni upi?

Hoja ya pili: "Kila kitu changu kiko kwenye wingu." Haya, tuongee habari za wingu. Google Drive inakupa GB 15 za bure, na humo humo zinakaa barua pepe zako na picha zako. Zikijaa, hakiingii kitu. Tangu Desemba 2023 Google walianza kufuta akaunti zilizokaa miaka miwili bila kuguswa. Laini ya simu ikipotea, ule ujumbe wa kuthibitisha kwamba ni wewe unakwenda kwa mtu mwingine. Na kubwa zaidi: kulandanisha si kuhifadhi. Ukifuta faili hapa, nalo linafutwa kule, kwa utiifu uleule. Wingu ni zuri kama nakala ya tatu. Kama ni nakala pekee, basi umemkabidhi mgeni ghala lako na hata jina lake humjui. Isitoshe, kupandisha GB 10 za sauti za wazee kwa bando la wiki, hapo hujala ugali siku ngapi?

Torvalds mwenyewe aliwahi kutania mwaka 1996 kwamba wanaume wa kweli hawatunzi nakala kwenye tepu; wao wanapakia kazi yao kwenye mtandao, kisha dunia nzima inajinakilia. Utani mzuri, kwa Torvalds. Dunia ilikuwa inaililia Linux yake. Wewe na mimi, mashairi yetu ya Kibondo nani anayalilia? Mtu gani Helsinki atakesha akinakili folda yangu ya vitendawili? Mwandishi mkubwa anaweza kuzembea, dunia ikamwokotea. Mwandishi mchanga akizembea, imekwisha. Ndiyo maana sisi wadogo tunapaswa kuwa waangalifu kuliko wakubwa.

Hoja ya tatu: "Vifaa ni ghali." Hapa nitaongea kwa heshima, kwa sababu njaa si mzaha. Lakini tupige hesabu. Riwaya ya kurasa 300, ikiwa ni maandishi matupu, haifiki megabaiti moja. Flashi ya GB 16 inaweza kubeba maelfu ya riwaya za namna hiyo, na wewe una riwaya ngapi? Moja na nusu. Mizigo mizito ni sauti, picha na video, nayo inachangiwa: vijana watano wakiweka fedha pamoja wanapata diski moja ya nje. Tunachangia harusi, tunachangia jezi za timu ya mtaa. Sauti za wazee hazichangiwi?

Hoja ya nne ni ya wale wanaojidai wataalamu: "Kupandisha toleo la Linux hakugusi folda ya home, wacha woga." Nusu kweli, na nusu kweli ndiyo inayoua. Ni kweli kwamba ukipandisha kwa njia ya kawaida, mafaili yako huachwa mahali pake. Lakini kupandisha ni kushusha gigabaiti kadhaa na kubadilisha maelfu ya vipande vya mfumo ukiwa unatembea. Umeme ukikatika katikati na betri ya laptopu ilikwisha kufa zamani, unabaki na mfumo ambao si wa zamani wala si mpya. Diski ikijaa katikati, vilevile. Aliye kwenye 20.04 hawezi hata kuruka moja kwa moja mpaka 24.04, lazima apite 22.04 kwanza, maana yake ni kucheza pata potea mara mbili. Na anayesakinisha upya yuko umbali wa kubofya mara moja tu kutoka "futa diski yote". Debian wenyewe, waliotengeneza kitu, wanaandika kwenye maelezo ya matoleo yao: tunza nakala kwanza. Wewe wa Kitanga unawazidi nini?

Basi, tufanyeje? Sikuja kulalamika tu.

Kwanza, panga. Huwezi kuokoa usichokijua. Mali bila daftari hupotea bila habari, wahenga walimaliza. Fungua mashine yako leo uone aibu: "riwaya mwisho", "riwaya mwisho kabisa", "riwaya mwisho 2 mpya", na "Untitled 7" ambalo ndani yake mna sura bora kuliko zote. Kazi zimetapakaa Desktop, Downloads, Documents, nyingine ziko ndani ya WhatsApp ya simu. Kusanya. Tengeneza folda moja ya kazi zako, ndani yake kila kazi na folda yake. Faili lianze na tarehe, mwaka mbele: 2025-03-14-sura-ya-4. Hapo mashine yenyewe itakupangia mstari, na wewe utajua la mwisho ni lipi bila kupiga ramli. Lisilo na maana lifute sasa, ukiwa na akili timamu, si usiku wa kuhama.

Pili, kumbuka vilivyojificha. Kwenye Linux, folda yenye jina linaloanza na nukta haionekani mpaka uiite. Kwenye dirisha la mafaili bonyeza Ctrl na H. Humo kuna .config, .local, .ssh, na .thunderbird kama unatumia Thunderbird kwa barua pepe. Alamisho na nywila za Firefox huwa ndani ya .mozilla, ila kwenye Ubuntu ya kuanzia 22.04 Firefox inayokuja na mfumo inaziweka ndani ya folda inayoitwa snap. Watu wananakili Documents, wanajipongeza, halafu baada ya wiki wanalia nywila zimekwenda.

Tatu, nakili vizuri. Chomeka diski ya nje, kisha tumia rsync, kwa mfano: rsync -av /home/jina/ /media/jina/diski/nakala/. Faida yake ni kwamba ukirudia kesho, inanakili yaliyobadilika tu. Lakini usiongeze --delete kabla hujajua maana yake, kwani hiyo inafuta kule kila kisichokuwepo huku, na ukikosea mwelekeo utakuwa umechimba kaburi kwa mikono yako. Jua pia kwamba flashi nyingi zinakuja katika muundo wa FAT32, ambao haupokei faili la kufikia GB 4 na hautunzi ruhusa za mafaili ya Linux. Video ya ngoma ya saa mbili itagoma. Diski ya kazi hii iwe katika muundo wa ext4. Na usiichomoe flashi kwa pupa! Linux huandika taratibu kwa nyuma. Mstari wa kijani unaweza kufika mwisho huku kazi bado inaendelea. Itoe kwa utaratibu, ngoja uambiwe salama.

Nne, na hapa ndipo wengi tunapochemsha: jaribu nakala yako. Nakala usiyowahi kuifungua ni tetesi. Januari 31, 2017 kampuni ya GitLab, wataalamu wakubwa wa kazi hii duniani, ilifuta kwa bahati mbaya hazina yake ya data. Walipokimbilia nakala, wakakuta njia kadhaa walizozitegemea hazikuwa zinafanya kazi. Walipoteza kama saa sita za data za wateja. Mabingwa hao! Kwa hiyo peleka diski yako kwenye mashine nyingine, ya rafiki, fungua mafaili matano kwa kubahatisha, sikiliza sauti mbili mpaka mwisho. Ukitaka uhakika zaidi, endesha diff -r kati ya folda ya awali na nakala. Ikinyamaza kimya, ujue vinafanana. Huo ni ukimya mzuri.

Tano, moja ikae mbali. Mwaka 1998 huko Pixar mtu aliendesha amri ya kufuta kwenye mashine zenye filamu ya Toy Story 2, sehemu kubwa ya filamu ikayeyuka, na nakala za ofisini zikaonekana mbovu. Iliokolewa na nini? Na mama mmoja, Galyn Susman, aliyekuwa na nakala nyumbani kwake kwa sababu alikuwa na mtoto mchanga na alifanyia kazi huko. Mamilioni ya dola yaliokolewa na kompyuta iliyokuwa nyumbani kwa mzazi. Nasi tuna nyumba. Mwandishi wa Kasulu aweke nakala yake kwa mwenzake wa Kibondo, wa Kibondo aweke yake Kasulu. Basi zinakwenda na kurudi. Kama una siri zako, funga folda kwa nywila kabla ya kuituma, na nywila hiyo usiiandike ndani ya mashine ile ile. Iandike kwenye karatasi, mpe mtu unayemwamini.

Sasa nirudi kwa fundi, maana niliahidi moyoni sitamwacha. Ndugu zangu mafundi, nawaheshimu. Bila ninyi nusu ya mashine za wilaya hizi zingekuwa viti vya kuku. Lakini kufuta diski ya mtu bila kumuuliza si ufundi. Mganga anauliza unaumwa wapi. Kinyozi anauliza unyoe vipi. Wewe unayeshika miaka kumi ya maisha ya mtu, kwa nini usiulize? Maswali ni matatu tu: una nini humu, nakala iko wapi, umeifungua lini? Mteja akibabaika, mrudishe nyumbani na mashine yake. Utapoteza wateja wawili, utapata jina. Na wewe mteja, fundi asipouliza, chukua mashine yako uondoke. Usijidai una haraka. Toleo jipya litakuwepo kesho. Mzee wa kijijini si lazima.

Kuna watakaocheka: "Huyu kaacha fasihi, anatufundisha ufundi." Wacheke. Mimi naamini fasihi haianzi pale mswada unapochapwa wala haiishii pale unapoandika nukta ya mwisho. Fasihi ni kuandika na kutunza. Jamii ambayo vijana wake wanaandika sana na kutunza kidogo ni jamii inayoteka maji kwa pakacha. Tunalalamika kwamba Dar es Salaam hawatujui, kwamba wachapishaji hawafiki Buha, kwamba Kiha kinadharauliwa. Yote kweli. Lakini siku mchapishaji atakapofika na kusema, "Haya, leteni," tutampa nini? Sala ya mazishi?

Kwa hiyo nataka tukubaliane jambo moja. Kuanzia sasa, katika vikundi vyetu vya waandishi, asisomwe mtu ambaye kazi anayoisoma haina nakala ya pili. Iwe sheria. Kabla hujapanda jukwaani uulizwe, "Iko wapi nyingine?" Ukishindwa kujibu, shuka, nenda ukanakili, rudi wiki ijayo. Utanuna, najua. Nuna. Na yeyote atakayerekodi mzee, asirudi mjini kulala kabla sauti ile haijakaa mahali pawili. Na yeyote atakayesema mbele yetu kwamba kompyuta imekula kazi yake, asipewe pole. Apewe flashi.

Akiba haiozi, vijana wenzangu. Naomba kuwasilisha.